Uzoefu wangu: gereji iliyomaliza mtikisiko wa IST yangu

Nina Toyota IST ya mwaka 2004, na kila baada ya wiki mbili napanda nayo Matombo, huko milimani Morogoro, kufuata viungo: karafuu, mdalasini, pilipili manga. Anayeijua njia ya Bigwa atanielewa. Lami ikiisha ni mawe, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na rasta, vile vituta vidogo vya changarawe vinavyogonga tairi mfululizo.

Mwezi wa tatu gari ilianza kutikisika. Kwenye lami ilikuwa imetulia kabisa. Nikiingia kwenye vumbi, mbele kushoto kunagonga ko-ko-ko, na nikipita kwenye shimo usukani unatetemeka mkononi kabla haujatulia. Nikikanyaga breki, gari inavuta kushoto. Na mzigo sikuwa nimezidisha, magunia mawili tu.

Fundi wa kwanza hakuiendesha wala hakuipiga jeki. Aliikandamiza boneti mara moja akasema, "Mama, shokapu zimekufa." Nikatoa 190,000 ya shokapu mbili za mbele na 30,000 ya ufundi. Siku ile nilihisi nafuu, gari ilikuwa imenyanyuka. Safari iliyofuata, kabla sijafika Kiroka, ko-ko-ko ileile. Nilipomrudia akasema tununue na za nyuma. Nikaondoka, na zile za zamani sikuziona tena.

Gereji ninayotaka kuisifu nilielekezwa na dereva wa Noah anayepakia abiria njia hiyohiyo. Ipo hapahapa Morogoro. Wanatoza 20,000 ya ukaguzi kabla hujanunua hata bolti, na ukitengeneza kwao wanaikata kwenye bili. Mwanzoni niliona ni hela ya bure. Sasa nasema hiyo ndiyo 20,000 iliyofanya kazi kuliko zote nilizotoa.

Kijana aliyenipokea alianza na maswali. Inatikisika ikiwa imesimama? Inaanza kwenye spidi gani? Ukishika breki inakuwaje? Akanieleza sababu ya kuuliza: gari inayotetemeka kwenye lami safi ukifika 80 au 100, mara nyingi ni balansi ya tairi au rimu iliyopinda. Ikitetemeka unapofunga breki tu, anaangalia diski. Ikitikisika imesimama inaunguruma, anaanza na plagi na mauntingi, vile vishikio vya injini. Ikigonga kwenye mashimo tu, anaingia chini kwenye viungo vya miguu ya gari. Halafu akasema, "Hayo yananipa pa kuanzia tu, mama. Twende tukaisikilize." Tukatafuta kipande cha barabara kibovu, mimi nikiendesha, yeye amekaa upande wa abiria kioo kikiwa wazi, kichwa amekielekeza chini kwenye tairi.

Tuliporudi alipima upepo kwanza. Tairi za mbele zilikuwa na 42, wakati stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva inataja kiwango cha chini zaidi. Wapiga upepo walikuwa wananijazia ili "zibebe mzigo", na tairi gumu namna ile linapeleka kila pigo moja kwa moja kwenye bodi.

Kisha jeki. Alishika tairi juu na chini akalitikisa, halikucheza. Hapo beringi na boli jointi (kiungo cha mviringo kinachoshika mguu wa tairi) zilikuwa salama. Akashika kushoto na kulia, tairodi endi, ncha za vyuma vya usukani, nazo nzima. Ndipo akachukua mtaimbo mfupi, akaupachika kati ya wishiboni (mkono wa chuma unaoshika tairi) na chesesi, yaani fremu ya gari, akaniita nichungulie. Alipousukuma kidogo tu, wishiboni nzima ilihama. Akamulika na simu: bushi kubwa ya nyuma, ule mpira unaoishikilia wishiboni kwenye chesesi, umeachana na chuma, ufa unaingia ncha ya kidole changu. Nilikipitisha mwenyewe. Stablaiza linki ya upande huo, kijiti kinachounganisha mguu na chuma cha kuzuia gari kulala, nayo alipoitikisa kwa mkono ikatoa ile ko-ko niliyoizoea. Kwa hiyo shokapu zangu mpya zilikuwa zinafanya kazi juu ya mguu usio na mshikio.

Tulibadilisha bushi nne, mbili kila upande, na linki mbili. Jambo moja nililiona pale: bolti za bushi hakuzikaza gari ikiwa inaning'inia. Alizishika kwa mkono, akashusha gari ikakaa kwa uzito wake, ndipo akakaza. Aliniambia ukikaza mguu ukiwa unaning'inia, mpira unabaki umejipinda muda wote na bushi inachanika mapema. Kazi ilipoisha tukaenda kupiga alaimenti, yaani kunyoosha tairi, maana wishiboni zikishafunguliwa usiamini tena kwamba tairi zimenyooka.

Hesabu: bushi 80,000, linki 50,000, ufundi 60,000, alaimenti 25,000. Jumla 215,000, pungufu kidogo ya zile 220,000 nilizoziacha kwa fundi wa kwanza. Spea mbovu zote walinirudishia kwenye mfuko.

Kasoro zao ninazo mbili. Waliahidi siku moja ikawa siku mbili, kwa sababu mashine ya kubonyezea bushi ilikuwa na foleni na hawakunipigia simu. Na risiti nilipewa baada ya kuiomba. Kwa mtu anayetunza hesabu za biashara, hilo wangelirekebisha.

Nimeshapanda Matombo mara saba tangu hapo, mbili zikiwa za mvua. Rasta bado zinasikika, hakuna bushi ya kuziondoa, lakini usukani umetulia na breki zinashika sawa pande zote. Kilichobaki ni tairi la mbele kushoto, lililolika upande wa ndani kwa miezi ile yote. Nalibadilisha mwisho wa mwezi.

Jumamosi nampeleka mdogo wangu hapohapo. RAV4 yake inatikisika ikiwa imesimama kwenye taa, na nimemwambia asinunue chochote mpaka waifungue boneti.