Mafungo ya wenye mashaka huku Kibosho, nimeenda nawapa mrejesho

Wadau mlioulizia ile nyumba ya mafungo (kujitenga siku chache kusali na kutafakari) huku juu Kibosho, Kilimanjaro, mi nimetoka wikiendi hii na kiukweli inafaa, hasa kwa mtu ambaye imani imepoa na kila akisema kanisani anaambiwa funga na kuomba zaidi, au ana dhambi kaificha. Mama anayeongoza, mwalimu mstaafu mkavu kwelikweli, alitusomea Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani kabisa, akauliza, "Haya, hii nani aliiruhusu iwemo kwenye Biblia?" Kimya. Halafu Mathayo 11, Yohana Mbatizaji, yuleyule aliyembatiza Yesu, yuko gerezani anatuma watu wakamuulize Yesu, ni wewe yule ajaye au tumngoje mwingine, na Yesu hakumfokea, kamwambia tu mkamweleze mnayoyasikia na kuyaona. Na Mama Teresa, barua zake zilitoka 2007, kumbe miaka na miaka anahudumia maskini Kolkata huku moyoni hamsikii Mungu aisee! Dada mmoja aliyefiwa na mtoto alilia pale na hakuna aliyekimbilia kumwekea mikono, waliacha alie.

Kasoro zipo. Ratiba imebana mno, muda wa kukaa peke yako hamna wakati ndo kilichowapeleka watu. Kuna kaka aliuliza mambo ya sayansi na uumbaji akakatwa kauli, hapo walizingua. Maji ya kuoga baridi balaa, beba sweta. Makande yao lakini, weee. Boda ya kupandia patana bei kabla hujakaa.