Woogles: mchezo wa maneno unaokuruhusu kumtega mpinzani

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunauchambua Woogles, uwanja wa mtandaoni wa kucheza maneno kwa ushindani. Nitauangalia zaidi kwa jicho la mtu anayetamani kutengeneza mchezo wa aina hii, maana najua mko wengi.

Woogles ulianza mwaka 2020. Unafunguka kwenye kivinjari, hauna matangazo, na shirika linaloumiliki halitafuti faida; linategemea michango. Mchezo wake mkuu unaitwa OMGWords, na aliyewahi kucheza Scrabble hapotei: ubao wa miraba 15 kwa 15 wa kupangia maneno, vigae saba vya herufi mkononi, vingine mfukoni, na pointi 50 za nyongeza ukivimaliza vyote saba kwa zamu moja.

Sasa tazameni hapa. Ukiomba mchezo, fomu inakuuliza: mtu akiweka neno lisilokuwepo, iweje? Ukichagua hali ya kwanza, seva inalikataa papo hapo na unajaribu lingine. Michezo mingi ya simu iko hivyo, na kwa anayejifunza hiyo ni sawa kabisa. Lakini zipo hali nyingine. Neno linakaa ubaoni hata kama umelibuni, na ni juu ya mpinzani kulipinga au kulinyamazia. Akipinga na neno ni bovu, vigae vinarudi mkononi mwako na zamu imekwenda. Akipinga na neno ni halali, mara nyingi analipa: kwa sheria moja anapoteza zamu, kwa nyingine unaongezewa pointi 5.

Kwangu mimi, hapo ndipo mchezo wa maneno unapokuwa ushindani wa kweli. Seva ikikataa kila neno bovu, mchezaji anaweza kubahatisha herufi mpaka moja ikubali, na anayejua maneno hapati faida yoyote kwa kujua kwake. Ukiweka gharama kwenye kupinga, mnaanza kupimana.

Niwaonyeshe kwa karibu. Huu ni mchezo wa Kiingereza. Pana I ubaoni, nami nina Q na I nyingine. Q naiweka kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, ili isomeke QI kwenda kulia na QI kwenda chini. Q ni pointi 10, ikizidishwa ni 30, pamoja na I ni 31, na kwa sababu inahesabiwa pande zote mbili, napata 62. Vigae viwili tu! Mpinzani asiyelijua neno hilo anakaa anajiuliza huku saa yake inakwenda. Akipinga, limo kwenye orodha, naongezewa 5 nyingine.

Saa nayo imefikiriwa vizuri. Unachagua dakika unazotaka, na viwango vya wachezaji vinatenganishwa kulingana na kasi na lugha, kwa hiyo umahiri wako wa michezo ya haraka hauchanganywi na ule wa michezo mirefu. Ukipitisha muda ndani ya nyongeza mliyokubaliana, unakatwa pointi 10 kwa kila dakika. Wewe unayetengeneza mchezo wako, shika hili: saa na mfuko wa vigae vikae kwenye seva. Usimtumie mchezaji kitu ambacho hapaswi kukiona ukitumaini programu yake itakificha. Atakiona.

Kuhusu kamusi nitatumia muda kidogo, maana wengi hukwama hapo. Kuuliza kama neno lipo ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kompyuta kutafuta kila neno linaloweza kuwekwa kwenye ubao wenye maneno tayari. Mwaka 1988 wanasayansi wa kompyuta Appel na Jacobson walionyesha namna ya kuibana kamusi nzima kwenye mtandao wa herufi unaounganisha mianzo na miisho inayofanana. Mwaka 1994 Steven Gordon akaja na GADDAG, namna nyingine ya kuipanga kamusi, ambayo inaruhusu kuanza na herufi yoyote katikati ya neno na kujenga pande zote mbili. Inakula kumbukumbu zaidi, lakini ina kasi. Ndiyo maana HastyBot, mchezaji wa kompyuta wa Woogles, anakujibu kabla hujavuta pumzi.

Lugha zimo kadhaa: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kinorwei, Kikatalani. Atakayetaka kuleta Kiswahili ana uamuzi mzito mbele yake. Kamusi zetu zinaorodhesha "penda", lakini je, "atakupenda" likubaliwe? Ukikubali viambishi vyote, orodha inafumuka na vigae saba vinakwisha kirahisi mno. Ukivikataa, wachezaji watakulaumu kwamba umewanyima lugha yao. Mimi ningekubali mashina, nomino na wingi wake, na mnyambuliko uliomo kamusini, basi. Na hesabu ya vigae ianze upya: A ziwe nyingi, Q na X zisiwepo kabisa.

Mchezo ukiisha, unaweza kuurudia zamu kwa zamu na kumwomba mchambuzi wa kompyuta akuonyeshe ungeweka nini. Kipengele hiki peke yake kinatosha kukufanya ufungue akaunti. Na msimbo wa programu uko wazi kwa kila mtu, seva kwa lugha ya Go na skrini kwa React, zana ya kutengenezea kurasa za wavuti, kwa hiyo anayejifunza anasoma kazi iliyokamilika inayotumika kila siku.

Ninachoona kinahitaji kurekebishwa ni mapokezi ya mgeni. Fomu ya kuomba mchezo inataka uamue orodha ya maneno, dakika, nyongeza ya muda na sheria ya kupinga kabla hujagusa hata kigae. Mzoefu anaona uhuru, mgeni anaona mtihani. Kitufe kimoja cha kuanza, chenye mipangilio iliyochaguliwa tayari, kingewabakiza watu wengi.

Kwa hiyo ukiingia leo, anza na BeginnerBot, mchezaji wa kompyuta wa wanaoanza, kwa hali ile ya seva kukataa maneno mabovu. Ukishazoea, tafuta mtu wa kiwango chako, weka dakika 15 na sheria ya pointi 5. Neno la kwanza utakalolitilia shaka, lipinge.