Mashine ya kukaangia soya: kioo kinasema 130, punje bado mbichi

Nimeitumia mashine hii kukaangia soya ya chakula cha samaki kwa miezi kadhaa na sasa uvumilivu umeisha. Kioo kinaandika nyuzi 130. Chota punje hapo hapo mlangoni, zimimine kwenye chupa ya chai, chomeka kipimajoto: 98. Sensa, yaani kipimajoto cha mashine, imefungwa juu ya pipa, inapima hewa ya moto, punje haizigusi kabisa.

Soya ambayo haijaiva ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini tumboni. Samaki anakula na kushiba, ila protini haimeng'enywi vizuri, hakui inavyotakiwa. Na macho yanadanganya: ganda limeshakuwa kahawia, ukiipasua punje ndani bado ina ladha ya ubichi.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "Bosi, soya ikishanukia imeiva, usinisumbue." Eti ikinukia! Ganda ndilo linalonukia. Soya hupimwa kwa yurease, kimeng'enya cha soya mbichi ambacho joto hukiua: saga, nyunyiza unga kwenye sahani yenye yurea na fenoli redi (rangi inayogeuka nyekundu yurease ikiwa bado hai), subiri dakika 5. Madoa mekundu machache, sawa. Yangu iligeuka nyekundu sahani nzima.

Kuongeza moto si dawa. Vipande vilivyovunjika huungua kwanza, laisini, sehemu ya protini anayoihitaji samaki ili akue, inajifunga na sukari na samaki haipati tena. Yurease itasoma sifuri na utafurahi bure, kwa sababu kipimo hicho hakionyeshi soya iliyoungua. Hapo pima protini inayoyeyuka kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 0.2, ikiwa chini ya asilimia 70 ya protini yote, umeunguza.

Nilikusudia kuandika msiinunue. Lakini haki yake niipe: pipa linageuza punje vizuri na mota haijawahi kukwama. Nimetoboa tundu karibu na mlango, nikaingiza sensa mpaka ikazama kwenye punje. Nachekecha vipande kwanza, moto wa wastani, natoa punje zenyewe zikifika 120, nazifunika kidogo joto liingie kiini, kisha nazitandaza mbele ya feni. Sasa madoa ni ya kuhesabu.

Basi ni mashine nzuri? Ingekuwa, kama mnunuzi asingelazimika kutoboa chuma kipya ili apate kipimo cha kweli. Na yule muuzaji anaendelea kuwauzia wengine sensa ikiwa juu vile vile, huku akiwaambia wanuse. Nilikuwa nimeipa nyota tatu. Naacha mbili.