The Goldfinch: picha nzuri, hadithi imekatwakatwa

Riwaya ya Donna Tartt, iliyoshinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2014, inamfuata Theo tangu akiwa na miaka 13, mlipuko unapomuua mama yake ndani ya jumba la makumbusho New York, hadi ukubwani. Filamu ya John Crowley (2019, dakika 149) inaruka huku na huku: utotoni, ukubwani, utotoni tena. Hata VJ hodari (anayetafsiri filamu papo hapo) wa kibanda cha video Kampala angetoka jasho kuifuatisha. Ubaya zaidi, mama anafichwa hadi karibu na mwisho, kwa hiyo tunatakiwa kumlilia mtu tusiyemjua. Kamera ya Roger Deakins haina kasoro. Boris mdogo, rafiki wa Theo kule Las Vegas, anachangamsha. Sehemu ya Amsterdam? Imepitishwa mbiombio. Anza na kitabu.