Uzoefu wangu: uzinduzi wa ramu mpya, na meza ya pembeni iliyokuwa bora kuliko jukwaa

Sherehe za uzinduzi wa pombe kali hufanana sana: zulia, taa za rangi, ukuta wenye nembo wa kupigia picha, na kokteli tamu unayokabidhiwa kabla hujamaliza kusalimiana na watu. Hii ilikuwa na vyote hivyo, na vilipangwa vizuri. Lakini mimi nilikwenda kwa sababu nyingine. Uzinduzi ni siku adimu ambayo mtu aliyeitengeneza ramu, pombe kali ya miwa, anasimama mbele yako na chupa yake, na unaweza kumuuliza unachotaka. Kwa hiyo sherehe hii naipima kwa mambo mawili tu: je, tuliionja ramu yenyewe, na je, tulijibiwa?

Kuionja, tuliionja, tena kwa undani kuliko nilivyotegemea. Kujibiwa ndiko kulikokuwa na shida.

Nianze na kokteli ya mapokezi, kwa sababu ndiyo waliyoionja waalikwa wengi na wengine hawakuonja kingine. Ilikuwa juisi, sharubati na barafu iliyopondwa mpaka mdomoni mwa glasi. Baridi kali hufunga harufu na sukari hufunika ladha. Ungeweka ramu yoyote humo, hata ya bei ya chini kabisa, na hakuna ambaye angejua. Kampuni inatumia miaka kuikuza ramu, halafu usiku wa kuitambulisha inaificha. Baadaye mhudumu wa kaunta alinitengenezea daiquiri ya kawaida, yaani ramu, maji ya ndimu na sukari kidogo, imetikiswa na kuchujwa, basi. Hapo ndipo ramu ilipojitokeza. Hiyo ndiyo ingepaswa kutupokea mlangoni.

Sasa ile meza. Ilikuwa pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, na naamini wengi waliondoka bila kujua ipo. Pale alikaa mchanganyaji mkuu, yule anayeamua pipa gani liingie kwenye chupa na kwa kiasi gani. Alikuwa na chupa ndogo zisizo na lebo, zimeandikwa kwa kalamu ya wino tu. Alianza na ramu changa, kama inavyotoka mtamboni, isiyo na rangi hata kidogo. Hakuimimina kwenye glasi. Alinidondoshea kiganjani, akaniambia nisugue mikono yote miwili, nisubiri kilevi kipae, kisha ninuse. Kwanza ilikuja ndizi iliyoiva kupitiliza. Mikono ilipoanza kukauka ikaja harufu ya nanasi. Mwisho, ngozi ikiwa kavu kabisa, ikabaki harufu nzito ya molasi, ile rojo nyeusi inayobaki miwa ikitengenezwa sukari, iliyopikwa hadi kukaribia kuungua. Nilirudia kunusa viganja vyangu mpaka jirani yangu akaomba na yeye adondoshewe.

Hakuna aliyetia ndizi wala nanasi humo, na maelezo aliyoyatoa yalikuwa mepesi kufuata. Hamira inapokula sukari iliyomo kwenye molasi hutoa kilevi, na pamoja nacho asidi za aina mbalimbali. Kilevi na asidi vikiungana huzaa kemikali zinazoitwa esta, na esta ndizo zinazobeba harufu za matunda. Ukiuacha mchanganyiko uchachuke siku moja au mbili unapata ramu nyepesi. Ukiuacha wiki moja au zaidi, bakteria nao wakaingia kazini, harufu inakuwa nzito mno. Kuna viwanda vya Jamaika vilivyojijengea heshima duniani kwa njia hiyo ndefu. Ramu ya usiku ule ni ya kati: sehemu yake imekenekwa kwenye chungu cha shaba, kinachobakiza uzito na harufu, na sehemu kwenye mtambo wa mnara, unaofanya kazi mfululizo na kutoa kilevi chepesi zaidi.

Kisha akatoa sampuli mbili zilizonifanya nisiende kusikiliza hotuba ya kwanza. Zilitoka kwenye mapipa mawili yaliyojazwa siku moja, ramu ileile, ghala lilelile. Pipa moja lilikaa juu karibu na paa, jingine chini sakafuni. La juu lilikuwa limekolea rangi, lina mbao nyingi na linakausha ulimi. La chini lilikuwa jepesi, lina vanila na kitu kama ganda la chungwa. Tofauti yote hiyo imeletwa na joto. Mapipa yenyewe ni ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi bourbon, wiski ya Marekani. Sheria ya Marekani inaitaka bourbon ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja hutafutiwa mnunuzi, na watengenezaji wa ramu ni miongoni mwao. Kwenye nchi za joto ramu hupotea pipani kama mvuke kwa kasi kuliko wiski inayokaa Uskoti, ambako hukadiriwa kupungua karibu asilimia 2 kwa mwaka. Unapoonja lile pipa la juu unaelewa kwa nini miaka mingi siyo lazima iwe sifa. Mbao zinaweza kuila ramu yote.

Ramu yenyewe iliyozinduliwa, yenye kilevi cha asilimia 43, ni nzuri. Niliinywa bila barafu, kisha nikaongeza matone machache ya maji, na maji yaliisaidia: ndizi ikarudi mbele, ukali wa puani ukashuka. Mdomoni inaanza kwa vanila na zabibu kavu, katikati kuna viungo kidogo, na inaishia haraka kuliko nilivyotaka. Inabaki unene fulani midomoni, wa kunatanata, ambao sikuuhisi kwenye sampuli yoyote ya pipani. Unene huo ndio uliozaa moja ya maswali yangu mawili, lile la pili.

Swali la kwanza lilihusu tarakimu 12 iliyochapishwa kubwa katikati ya lebo, bila neno lolote pembeni yake. Je, ni umri wa ramu changa kuliko zote zilizomo, au ya kongwe zaidi? Si swali la ubishi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka umri unaotajwa uwe wa sehemu iliyo changa kuliko zote, lakini huko kwingine unakuta chupa zenye namba kubwa zisizomaanisha hivyo. Mchanganyaji alijibu bila kuzunguka: 12 ni ya kongwe, na zimo ramu za umri mdogo zaidi kwa sababu zinaleta matunda. Jibu hilo nililiheshimu sana. Ramu changa si aibu, na nilishainusa viganjani mwangu. Kinachoniudhi ni lebo inayomwacha mnunuzi aamini kitu kingine wakati mtengenezaji mwenyewe hana cha kuficha.

Swali la pili, sukari iliyoongezwa ni kiasi gani, halikumfikia. Ofisa wa masoko aliyesimama karibu alidakia kwamba hiyo ni siri ya mapishi, akahamisha mazungumzo kwenye umbo la chupa. Kuongeza sukari si kosa la jinai. Sheria hiyohiyo ya Ulaya, ya mwaka 2019, inaruhusu hadi gramu 20 kwa lita. Kwenye chupa ya mililita 700 hizo ni gramu 14, zaidi ya vijiko vitatu vya chai. Anayelipia chupa ana haki ya kujua kama utamu anaouonja umetoka kwenye pipa au kwenye mfuko wa sukari.

Hotuba niliyoisikiliza nayo niiseme. Ilijaa maharamia, ramani za hazina na mabaharia. Mabaharia sawa, Jeshi la Majini la Uingereza liliwagawia watu wake ramu hadi tarehe 31 Julai 1970, na hiyo ni historia ya kweli. Lakini ramu ilianzia kwenye mashamba ya sukari ya Karibea katika karne ya 17, na waliokata miwa, kuisaga na kuchemsha sharubati yake walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Ukisimama mbele ya watu dakika nyingi kusimulia asili ya kinywaji hiki na usiwataje hata mara moja, umewaibia kazi yao mara ya pili. Sikuhitaji hotuba ndefu. Sentensi mbili za heshima zingetosha.

Mengine ni ya kawaida. Muziki ulipanda mapema mno, ikabidi tuulizane kwa kupiga kelele. Glasi za kwenye meza ya pembeni zilikuwa zile ndogo zenye mdomo mwembamba zinazokusanya harufu, lakini ukumbini zilikuwa za plastiki, na plastiki ina harufu yake. Maji ya kunywa yalikuwa mengi, vyombo vya kutemea vilikuwepo kwa wanaoonja bila kumeza, na usafiri wa kuwarudisha waalikwa ulipangwa bila usumbufu. Hapo waandaaji wanastahili pongezi kamili.

Chupa ya asilimia 43 sitainunua kwa sasa. Kabla sijaondoka nilirudi pembeni nikamuuliza mchanganyaji kama lile pipa la chini, lenye ganda la chungwa, litakuja kuuzwa peke yake. Alisema ameliomba mara kadhaa, uamuzi haujatoka. Wakilitoa hivyo lilivyo, nguvu yake ya pipani bila kuongezwa maji, bila sukari, umri wake wa kweli ukiwa kwenye lebo, nitailipia siku hiyohiyo.