Lisbon usiku tatu: kabla ya kulipia chumba, hesabu ngazi

Tasbihi ya mama yangu ina punje 99. Ngazi za chumba nilichomkodia kule Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, zilikuwa 92. Najua kwa sababu alizihesabu mwenyewe, mkono mmoja ukishika ukuta, mwingine ukisukuma punje. Alipofika 33 alikaa kitako pale pale kama mtu aliyemaliza Subhanallah, akatweta, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii ni nyumba ya wageni au mnara wa mwadhini?"

Mama ana miaka 67, na goti lake la kushoto lina historia ndefu. Alikuja Hamburg kunitembelea kutoka Mombasa, na kwa kuwa viza yake ya Schengen ilimruhusu kuingia Ureno pia, nikasema nimtunuku usiku tatu Lisbon: tuzuru, tule samaki, turudi. Tiketi za ndege nilizipata kwa bei ya kujisifia. Chumba ndicho kilichoniumbua.

Tangazo lilisema ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka kituo cha tramu, mto Tejo unauona ukiwa kitandani. Yote kweli, mto tuliuona. Ila tangazo lilinyamaza kuhusu lifti, likanyamaza kuhusu ngazi za mtaani ambazo hupandi nyumba bado, unautafuta mlango tu, na halikugusia kwamba teksi ingetumwaga kule chini kwa sababu kichochoro hakipitishi gari. Nilipolalamika, mwenye nyumba akanijibu kwamba wageni wake wengi hufurahia mazoezi. Kwenye risiti yake kulikuwa na ada ya usafi ya yuro 45, kwa chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mpaka leo sijui zile 45 zilisafisha nini.

Nilipowasimulia watu kisa hiki, nilipata hadithi kama yangu kutoka pande zote: mmoja na mtoto wa mkokoteni, mwingine na mume aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Basi mwongozo huu unahusu mtaa wa kulala, na nimeupanga kwa ngazi. Taulo, intaneti na kifungua kinywa kila mtu anaviuliza, sitavigusa.

Kwanza, jifunze kusoma anwani

Lisbon husifiwa kuwa mji wa vilima saba, na ramani ya simu haina hata kimoja. "Dakika tano kutoka katikati ya mji" ni dakika tano za ndege. Lakini anwani yenyewe hukwambia ukweli ukiijua lugha yake. Ikianza na *Escadinhas*, hiyo si barabara, ni ngazi zilizopewa jina. *Calçada* mara nyingi ni mpando. *Beco* ni kichochoro, usitarajie dereva akufikishe mlangoni. *Avenida* ndiyo rafiki yako.

Halafu ghorofa. Wareno huhesabu kama sisi: ya chini huiandika R/C, inayofuata ni ya kwanza. Tatizo ni kwamba majengo mengi ya kizamani yana kitu kinaitwa *sobreloja*, kighorofa kilichobanwa juu ya maduka kabla ya hiyo ya kwanza, na chenyewe hakina namba. Kwa hiyo "ya tatu" yangu ilikuwa ya nne kwa miguu. Hapo ndipo nilipoliwa.

Na msisahau mawe. Njia za miguu zimetandikwa vipande vidogo vya mawe meupe ya chokaa, vizuri kwelikweli, vimesuguliwa na viatu vya miaka mingi hadi vinang'aa. Tulienda Novemba. Mvua ikinyesha pale ni kama mtu amemwaga sabuni, na begi la magurudumu kwenye mpando wa namna hiyo linataka kurudi lilikotoka.

Namba moja: Saldanha na mitaa ya Avenidas Novas

Najua mtasema nani aende Lisbon akalale kwenye maofisi. Mimi. Asubuhi ya pili nilisamehe pesa za Alfama nikamhamishia mama Saldanha, na nikirudi nitafikia huko huko.

Metro ya mstari mwekundu inaanzia uwanja wa ndege, na Saldanha ni kituo cha kumi. Hubadilishi treni. Unanunua kadi ya senti 50, unaijaza pesa, unakaa, unashuka. Juu ni mabarabara mapana na ardhi tambarare. Mama alitembea mwenyewe kwenda kununua maembe na akarudi akilalamikia bei badala ya goti. Ukitaka kushuka mji wa kale, unarudi kituo kimoja Alameda, unapanda mstari wa kijani hadi Rossio. Na upande wa pili wa mtaa, karibu na Praça de Espanha, kuna Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985. Kwa mama hilo peke yake lilikuwa limeshafuta madhambi yangu yote ya Alfama.

Hoteli? Nina upendeleo na sitauficha: Ibis. Kuna ya Saldanha, kuna nyingine karibu na Avenida da Liberdade. Hakuna anayenilipa kusema hivi. Chumba ni kidogo, pazia halina uzuri wowote, hutapiga picha ya kumtumia shoga yako. Lakini Ibis ni Ibis: kuna lifti, kuna mtu mapokezini usiku, na bei unayoiona haina ada ya usafi iliyojificha nyuma ya mlango. Kitakachoongezeka ni kodi ya watalii ya jiji, ambayo tangu Septemba 2024 ni yuro 4 kwa mtu kwa usiku, na hiyo hailipwi Ibis tu, inalipwa kila mahali.

Namba mbili: Baixa, kwa sharti moja

Baixa ni bonde lililonyooka kama rula, na kuna sababu. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, likifuatiwa na mawimbi na moto, liliiangusha sehemu hii, na Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, akaijenga upya kwa mitaa iliyopimwa. Kutoka Rossio hadi Praça do Comércio hupandi hata kidogo. Sharti langu: majengo ni ya enzi hizo hizo, kwa hiyo lifti usiidhanie. Uliza. Wakikujibu "ipo," uliza inaanzia wapi, maana zipo zinazoanzia ghorofa ya kwanza.

Raha ya Baixa ni kwamba unaweza kupanda vilima bila kupanda. Kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme ndefu zinazoingia bondeni na kutokea juu, Chiado. Rua dos Fanqueiros kuna lifti ya umma, bure, inayokusogeza upande wa kasri la São Jorge. Ukitoka juu kuna nyingine inayopitia jengo lenye duka la vyakula. Au basi namba 737 kutoka Praça da Figueira, linakufikisha kasri lenyewe. Sisi tukipanda hivyo, wenzenu walikuwa wamepanga foleni ya saa nzima kwenye lifti ya chuma ya Santa Justa ya mwaka 1902, na wengine wamebanana kwenye tramu namba 28 huku pochi zao zikitembelewa.

Kero ya Baixa ni chakula. Rua Augusta ukiona mtu amesimama nje na menyu yenye picha, pita. Mimi sikupita. Tulipokaa tu, mezani pakaja mkate, zeituni, siagi na kijibini kidogo, na tabasamu. Mama akasema wakarimu hawa. Nami niliyeishi Ulaya miaka tisa nikakubali! Bili ilipokuja kila kimoja kilikuwa na mstari wake. Hiyo inaitwa *couvert*, na sheria ya Ureno iko wazi: usichokiagiza, wala kukigusa, hulipi. Tulikuwa tumekigusa sana. Sasa nafanya hivi: sahani zikitua nasema *não quero, obrigada*, yaani sitaki, asante, zinaondoka, hakuna anayekasirika.

Samaki naye ana mtego wake. Kwenye menyu bei ikiwa na alama ya kilo, hiyo si bei ya sahani, na yule dourada aliyekulalia kwenye barafu akikutazama anaweza kuwa na uzito kuliko unavyodhani. Mwambie ampime kabla hajamchoma. Ulizia pia *meia dose*, nusu ya sahani, maana sahani nzima ya Mreno hushibisha wawili. Na kwa wanaoepuka nguruwe: ile supu ya kijani, *caldo verde*, inaonekana ya sukuma tupu lakini huelea kipande cha soseji. Mchana tafuteni vibanda wanakokula wafanyakazi, ubaoni pameandikwa *prato do dia*, yaani chakula cha siku hiyo. Chakula cha halali kiko Martim Moniz, mtaa wa Benformoso, kwa Wabangladeshi. Biriani yao mama aliikosoa kijiko baada ya kijiko hadi akaimaliza.

Neno *mesa* lilimfurahisha kuliko chakula chenyewe. "Kumbe meza ni yao!" Nikamwonyesha *bandeira*. Nikamwonyesha *igreja*, kanisa, iliyotupa sisi gereza. Hapo akanyamaza, kisha akasema waliotuachia jina hilo walijua wanachofanya.

Namba tatu: Cais do Sodré

Tambarare, ukingoni mwa mto, mwisho wa metro ya kijani. Kelele za vilabu usiku ndizo zinazoishusha. Omba chumba cha nyuma. Sifa yake kubwa ni tramu namba 15 inayopita hapo kwenda mtaa wa Belém, njia inayofuata mto, bila kilima.

Belém msiende Jumatatu, monasteri ya Jerónimos hufungwa. Kanisani, karibu na mlango, limelala kaburi la Vasco da Gama, jiwe jeupe limechongwa mikono iliyokutana kifuani. Mama ametoka Kibokoni, ameikulia Fort Jesus kama wengine wanavyokulia kiwanja cha mpira. Alisimama pale muda mrefu. Nikadhani anasoma dua. "Amepanda ngazi ngapi kuingia humu?" akauliza. Nikamwambia hamna, ni sakafu tupu. "Basi amepata kuliko mimi." Baadaye tulipanga foleni kwenye duka la vikeki la Pastéis de Belém, wanaooka tangu 1837, akala vitatu.

Namba nne: Chiado

Pazuri, maduka ya vitabu, Bertrand wanauza tangu 1732. Ni mbavuni mwa kilima lakini zile ngazi za umeme za metro zinakuokoa. Bei za vyumba ni za kukutoa machozi. Ukiwa nazo, nenda.

Mwisho kabisa: Bairro Alto na Alfama

Bairro Alto ni baa hadi usiku wa manane, na iko juu. Wengi waliilipia wakitegemea kibehewa cha Glória, kilichovutwa na waya, kiwapandishe kutoka Restauradores. Septemba 2025 kibehewa hicho kiliacha njia na watu 16 wakafa. Ukikuta tangazo bado linakiuza kama kivutio cha chumba, mfunge huyo mwenye nyumba ukurasa wake.

Alfama sina ugomvi nayo yenyewe. Tetemeko liliiachia vichochoro vyake, nguo zinaanikwa juu ya vichwa vya watu, jioni unasikia nyimbo za fado kutoka mlango uliofungwa nusu. Nendeni mchana, nendeni jioni, kaleni dagaa wakubwa wa kuchoma ikiwa ni Juni. Ila kulala! Usiku wa tarehe 12 Juni, mkesha wa sikukuu ya Santo António, mtaa mzima huwa jiko na ngoma, na bei ya chumba hupanda kuliko mpando wenyewe. Huko ndiko wenye vyumba walikojifunza kuuza dirisha na kuficha ngazi.

Hosteli zipo tele na nyingi ni safi. Kama una miaka 22 na begi la mgongoni, hukuhitaji kusoma hadi hapa.

Ujumbe ninaoutuma sasa kabla ya kulipa ni huu, uunakili kama ulivyo: *Tem elevador? Quantos degraus há da rua até ao quarto?* Yaani lifti ipo, na kutoka mtaani hadi chumbani ni ngazi ngapi. Safari hii namtafutia dada yangu, anakuja na mapacha. Nimewaandikia wenye vyumba sita. Wawili wamenipa namba, mmoja 14, mwingine 61. Watatu wamesema "chache." Wa sita amenitumia kikatuni cha mtu anayekimbia.