Ziwa Naivasha kwa miguu na kamera: uzoefu wangu

Naivasha, kule Kenya, ni ziwa la asubuhi. Ikifika mchana upepo huamka, maji yanachafuka, mashua inarukaruka, na hata mwenye mkono mtulivu hapati picha ya kujivunia. Panda mashua jua likichomoza.

Kilichonivutia zaidi ni migunga iliyokufa. Maji yamepanda sana miaka ya karibuni, yakameza ukanda mzima wa miti kando ya ufuo. Waliohamishwa na maji hayo hawana la kufurahia. Ila ndege wamejipatia makao: minandi wamejaa matawini wakianika mabawa, na furukombe, yule tai mla samaki, anakaa kileleni bila jani hata moja la kumficha.

Hapo nahodha atakuuliza kama unataka "show". Anampigia furukombe mbinja, anarusha samaki majini, na ndege anashuka kumnyakua mbele ya lenzi yako. Ukiweka kasi ya shata ya kamera 1/2000 ya sekunde, picha hutoka safi kabisa. Mimi sikutaka, naona ni kumpigia picha samaki wa nahodha. Nikamwomba azime injini tungoje. "Sasa mkubwa, utapiga nini?" Tukangoja. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe akasimama hewani juu yetu, mabawa yakichapa, mdomo umeelekea chini, kisha akajitosa kama jiwe. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote.

Kwa matembezi, nenda Crescent Island, yaani kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga. Ni ukingo wa kreta ya volkeno ya zamani, sehemu nyingine imezama, na ndani ya mwezi huo mchanga ndipo ziwa lina kina kirefu zaidi. Hakuna simba, kwa hiyo unatembea kwa miguu katikati ya twiga, pundamilia na kuro. Twiga akikutazama kutoka juu bila kioo cha gari kati yenu, utajiona mfupi kweli. Jioni usizubae ufuoni, viboko hutoka majini kwenda kula nyasi.

Lalamiko langu ni jaketi la kujiokolea. Nililopewa mara ya kwanza lilikuwa na kifungo kilichokatika. Kagua lako kabla mashua haijaondoka.

Na kama unafuata heroe (flamingo), maji ya Naivasha hayana chumvi, hutawaona wakiwa makundi makubwa. Endelea na barabara hadi Ziwa Elementaita, lenye maji ya chumvi.